Mkia wa Pakiti Fupi

Zulaika Abdul-Karim aliliona jina lake mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu chochote.

Alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya watu binafsi kule Mulago, kompyuta mapajani, miguu juu ya katoni ya glavu kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki na haijakauka. Kliniki ilikuwa imelalamika kwamba kisanduku cha mtandao ilichouziwa na kampuni ya akina Zulaika kilikuwa kikiganda kila mashine zilipozungumza kwa wingi. Mwezi uliopita Obita, aliyeandika programu ya ndani ya kisanduku hicho, alitoa toleo jipya, likasambazwa kwa wateja wote. Zulaika, ambaye kazi yake ilikuwa kupima kazi za wenzake, alitumwa kuhakikisha kwamba sasa kimetulia.

Kilikuwa kimetulia. Tangu asubuhi mashine ya maabara, printa, kompyuta ya daktari na ile ya mapokezi zilikuwa zikitumiana data kupitia kisanduku, na hakuna kilichokwama. Angeweza kufunga mzigo wake akarudi ofisini. Lakini alikuwa na tabia ya kuzitazama pakiti zenyewe zikipita, kama mtu anayeonja mchuzi hata baada ya kuambiwa chumvi imekolea.

Data haisafiri mtandaoni kwa mkupuo. Hukatwa vipande, na kila kipande huitwa pakiti. Zipo pakiti fupi sana, zile ambazo mashine moja huuliza tu, anwani hii ni ya nani, na nyingine hujibu, ni yangu. Waya haupokei pakiti fupi kiasi hicho, kwa hiyo programu huirefusha kwa kuiongezea mkia wa sifuri tupu. Mkia huo hausemi kitu, wala hakuna anayeusoma.

Mkia aliokuwa akiutazama Zulaika ulikuwa na herufi. Ulisema ZULAIKA, kisha kijistari, kisha HBSAG, kijistari kingine, kisha POS.

Alikuwa amezizoea mashine za maabara, akajua maana yake bila kuuliza. Kipimo cha homa ya ini, aina ya B. Jibu: virusi vimo.

Wiki iliyotangulia wafanyakazi wote wa kampuni, ambao hawakuzidi watano, walikuja kutolewa damu kliniki hapo hapo, kwa kuwa bima mpya ilidai wapimwe kwanza. Majibu walikuwa hawajaitiwa bado.

Alisoma tena. Akaondoa macho, akatazama katoni za glavu zilizopangwa ukutani, akarudi kusoma mara ya tatu. Herufi hazikubadilika. Kilichomjia kwanza akilini ni binti yake, ambaye hakuwa ametimiza mwaka na asubuhi ile ile alikuwa amenyonya mpaka akalala na titi mdomoni.

Akampigia mumewe, Abubaker, aliyekuwa dukani kwake akiuza vipuri vya magari.

"Nina homa ya ini," alimwambia. "Ile mbaya. Nimeiona sasa hivi."

Abubaker aliuliza ni daktari gani aliyemwambia. Alipojibiwa kwamba si daktari, ni pakiti, hakuelewa, na hakubishana. Alisema anafunga duka anakuja. Zulaika akamsihi angoje kwanza.

Mwenye kliniki alikuwa Daktari Awiti, mwanamke wa makamo asiyependa haraka. Zulaika alisubiri mlangoni mpaka mgonjwa aliyekuwa ndani akatoka, kisha akaingia na kompyuta mkononi ikiwa wazi.

"Daktari, niambie tu ukweli. Majibu yangu ya ini."

Daktari aliuliza nani amemwambia kuwa majibu yametoka. Mashine ndiyo kwanza imemaliza kuzipima sampuli zao, alisema, na yeye mwenyewe hajafungua hata moja. Zulaika aliiweka kompyuta mezani na kuonyesha kwa kidole. Daktari alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. Kisha akainuka akaufunga mlango kwa ufunguo.

Alirudi kwenye kompyuta yake, akatafuta.

"Zulaika, binti yangu, nisikilize. Wewe huna kitu. Yako ni hasi."

Zulaika alimwomba arudie. Daktari akarudia, akaongeza kwamba na vipimo vingine vyote viko sawa. Zulaika akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa bila kukaribishwa, akaficha uso kwa mikono yote miwili. Kwa muda hakuwa na wazo lolote kichwani ila lile neno, hasi.

Kisha akili ya kazi ikamrudia, na ikaja na jambo ambalo hakulitaka. Jina lilikuwa lake, na jibu halikuwa lake. Basi vitu hivyo viwili vilikutanaje katika mkia mmoja? Alilipata jibu akiwa bado ameketi. Kumbukumbu ya kisanduku ilikuwa haifutwi. Ujumbe mfupi wenye jina lake ulikuwa umewekwa juu ya ujumbe mrefu wa mtu mwingine, kama mwalimu anayeandika neno fupi ubaoni bila kufuta lile refu la jana. Mwanzo ulikuwa wake. Mwisho ulikuwa wa mwenye ubao wa jana.

"Kwa hiyo ni la mgonjwa wako mwingine," alisema.

"Leo tumepima zenu tu," alisema Daktari Awiti. Papo hapo akaigeuzia ukutani skrini yake, na ilionekana wazi kwamba angetoa chochote kulirudisha neno lile kinywani.

Wakatazamana. Ukimtoa Zulaika, walibaki wanne: Obita, bosi wao Odur, Moreen wa hesabu, na fundi wa kufunga nyaya.

Daktari aliuliza ni nani anayeweza kuyaona mambo haya. Zulaika akaeleza kwamba ni yeyote ambaye simu au kompyuta yake imeunganishwa na mtandao wa kliniki. Daktari akauliza kama hiyo ni pamoja na watu wa pale barazani, maana nenosiri walilibandika ukutani wenyewe ili wagonjwa wasichoke kungoja. Zulaika akasema ndiyo, hata wao. Wengi hawajui kutazama.

"Na anayejua?"

"Anayejua anaona, Daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu toleo jipya. Mwezi uliopita."

Daktari Awiti alivua miwani akaishika tu. Kwa mwezi mzima, alisema polepole, nimekuwa nikiwaambia watu hapa kwamba tunachozungumza hakitoki kwenye chumba hiki. Akasimama akaagiza kisanduku kichomolewe. Zulaika alikichomoa kwa mkono wake mwenyewe, taa zake za kijani zikazimika, na baada ya muda mfupi wauguzi walianza kupita wakibeba karatasi za majibu kutoka maabara kama walivyofanya zamani.

Kabla ya kuondoka alimpigia tena Abubaker. Alimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyekuwa amezamishwa majini, akimshukuru Mungu tena na tena. Kisha Abubaker akauliza, kama mtu yeyote angeuliza, kwamba basi ni ya nani.

"Ya mwenzetu mmoja ofisini," alijibu Zulaika, na alipokwisha kusema ndipo alipotambua kwamba naye ametoa siri.

Alisimama kwenye ngazi za kliniki na simu sikioni. Ndani ya kompyuta yake mlikuwa na faili lenye maelfu ya pakiti alizozinasa asubuhi ile. Kuyatafuta humo majina manne kungekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Aliifunga kompyuta, akaitia mkobani, akaita pikipiki ya boda impeleke Kasubi.

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la mabati, na mazungumzo mengi yalikatizwa na kelele za bati zinazokatwa. Obita alikuwa kwenye meza yake ya dirishani. Baba yake alikuwa polisi kutoka Gulu, na yeye alilelewa katika kota za polisi, ambako watoto wa kila kabila walicheza kwa Kiswahili. Zulaika, Mnubi ambaye babu zake walikuwa askari, alikulia na Kiswahili nyumbani. Kwa hiyo wawili hao walizungumza lugha hiyo tangu siku ya kwanza, na pengine ndiyo iliyowafanya marafiki.

Alimweleza alichokiona, isipokuwa jina lake na jibu lile. Alisema tu kwamba majibu ya wagonjwa yanatokea kwenye mikia ya pakiti fupi.

Obita hakukubali. Si kwa hasira. Alicheka kidogo, akasema haiwezekani, mkia unajazwa sifuri, hilo ni jambo la darasa la kwanza. Akaomba atumiwe faili alitazame mwenyewe.

"Faili sikupi," Zulaika alisema. "Limebeba damu za watu."

Odur, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlango wa chumba chake, akamwambia Obita ajaribu hapo hapo. Obita akakishusha kisanduku kimoja kutoka rafuni, akakiwasha, akapitisha ndani yake ujumbe mrefu uliojaa jina lake mwenyewe, Obita Obita Obita, kisha akaanza kuzitazama pakiti fupi zilizofuata.

Ya kwanza ilikuwa na mkia wa sifuri. Ya pili vilevile, na akamtazama Zulaika kana kwamba anamhurumia. Ya tatu ilikuwa na mkia ulioandikwa BITA OBITA OB.

Aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Kule chini bati lilikuwa likikatwa.

Odur hakuwa mtu wa programu, akataka aelezwe kwa lugha yake. Obita alieleza akiwa bado anaitazama skrini. Ndani ya kisanduku, alisema, kuna kiini cha mfumo, ambacho wahandisi hukiita kerneli, na hicho ndicho kinachogawa kumbukumbu. Pakiti ikija, programu hukiomba nafasi. Kiini kinaweza kukupa nafasi iliyofutwa, au kukupa ilivyo, na takataka za aliyeitumia kabla yako. Kufuta kunachukua muda, na mtandao hauna subira, kwa hiyo watu wa mtandao kwa kawaida huchukua isiyofutwa. Makubaliano ni kwamba usitume sehemu ambayo hukuijaza mwenyewe.

"Na wewe ulituma," Odur alisema.

Obita akaeleza kwamba kisanduku chao kina kumbukumbu ndogo. Zamani alitumia njia ya kiini chenyewe ya kurefusha pakiti, ambayo hufuta mkia. Lakini nafasi iliyopo isipotosha, njia hiyo huomba nyingine kubwa zaidi, na saa ya msongamano ombi hukataliwa na pakiti hutupwa. Huko ndiko kuganda kulikotoka. Kwa hiyo katika toleo jipya alitenga nafasi zake mwenyewe, zote kubwa za kutosha, zinazotumika na kutumika tena bila kurudishwa. Ile njia akaiondoa. Akabaki na mstari mmoja unaoongeza tu tarakimu ya urefu.

"Nilijua nafasi ipo," alisema. "Sikuuliza ndani yake kuna nini."

Kurekebisha hakukumchukua hata muda wa kunywa chai. Aliongeza mstari wa kufuta mkia kabla pakiti haijatumwa, akajaribu tena na tena, na mikia yote ikatoka sifuri. Odur akasema vizuri, lisambazwe kwa wateja wote sasa hivi, na suala lifungwe. Zulaika akauliza wateja wataambiwa nini. Odur akasema hawataambiwa kitu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewalipa mishahara hata miezi ambayo yeye mwenyewe hakujilipa, na alilisema hilo bila kupandisha sauti. Daktari Awiti ataombwa radhi, alisema. Wengine hawajui lolote, na shimo limeshazibwa. Tukienda kuwaambia, tumefunga kampuni.

Zulaika akasema waliokuwa wazi mwezi mzima ni wagonjwa, si kampuni. Odur akamgeukia Obita, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa bila kuegemea upande wowote.

Simu ya Obita ikalia wakiwa bado hapo. Aliisikiliza kwa ufupi, akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, akaikata.

"Daktari Awiti," aliwaambia. "Ananitaka niende leo leo. Heri. Nitamwomba msamaha kwa mdomo wangu." Akachukua ufunguo wa gari lake, akamwomba Zulaika wafuatane, kwa sababu yeye ndiye aliyeona na angeweza kujibu maswali.

Walikwama kwenye foleni ya Wandegeya, na Obita akawa anayapanga maneno yake kwa sauti. Angeanza na radhi, kisha sababu. Au aache sababu kabisa, maana daktari hahitaji kujua habari za kumbukumbu. Zulaika alikuwa akimsikiliza nusu nusu. Kulikuwa na jambo linalomkwaruza na hakujua ni lipi, mpaka gari lilipoanza kusogea tena ndipo akalijua. Hakuwa amemtajia Daktari Awiti jina la mtu aliyeandika programu. Hakulitaja hata mara moja. Daktari hakuwa na sababu ya kumpigia Obita kwa ajili ya kisanduku. Angempigia Odur, au yeye Zulaika.

Daktari alikuwa na sababu moja tu ya kumpigia Obita.

Zulaika alimtazama kando: mtu anayeendesha gari huku akinong'ona msamaha wake, shati limekunjwa mikono, pete ya ndoa kwenye usukani. Alitaka kumwambia asimamishe gari. Lakini angemwambia nini, na kwa haki gani?

"Obita," alisema hatimaye, "labda hakuiti kwa ajili ya hilo."

"Ananiitia lipi basi?"

Obita akamtazama kwa muda mrefu kuliko anavyopaswa dereva, pikipiki ikapiga honi, akarudisha macho barabarani. Hakunong'ona tena.

Daktari Awiti aliwapokea kwenye baraza. Alipowaona wako wawili alisita, kisha akasema angependa kuzungumza na Obita peke yake. Obita akasema Zulaika aingie tu, yeye ndiye aliyeona kila kitu.

"Hili ni lako peke yako," daktari alisema kwa upole.

Obita aligeuka akamtazama Zulaika usoni. Zulaika alijitahidi kuufanya uso wake usiseme kitu, na hakufaulu.

"Ulijua," Obita alisema.

"Sikujua ni nani. Nimejua tukiwa njiani."

Aliingia. Mlango ulifungwa, na Zulaika akakaa kwenye benchi kati ya mwanamke mwenye mtoto anayekohoa na kijana aliyekuwa akitazama video kwenye simu. Juu ya kichwa cha kijana, ukutani, karatasi yenye nenosiri ilikuwa imeshabanduliwa, na gundi imeacha alama nne. Alimtazama kijana yule na simu yake, akajiuliza kama naye alijua kutazama, akaona aibu kwa kujiuliza.

Obita alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyeshuka basi baada ya safari ndefu. Alikaa kando yake. Akasema daktari amemweleza kwamba wengi wanaishi na ugonjwa huu miaka mingi bila kuumwa. Kuna vipimo zaidi vya ini, pengine dawa, pengine ufuatiliaji tu. Mkewe Amony na mwanawe lazima wapimwe, na wasio nao wachanjwe. Aliyasema yote hayo kwa mpangilio, kisha akaishiwa.

"Nionyeshe," alisema.

Zulaika alielewa. Aliitoa kompyuta, akalifungua faili, akampa. Obita aliandika jina lake na kubonyeza. Vipande vilikuja, vifupi, vimekatika katikati ya maneno: herufi tatu za jina, kijistari, nusu ya tarehe ya kuzaliwa, kipande kingine na jina zima, na kile cha Zulaika chenye mkia usio wake. Alivisoma vyote bila kupepesa.

"Ni mkono wangu," alisema. "Ule mstari ninaujua, nimeuandika nikiwa nimefurahi."

Zulaika akaona asipomwambia sasa hatamwambia kamwe. Alimweleza jinsi alivyodhani jibu ni lake, jinsi alivyompigia Abubaker, na jinsi alivyompigia mara ya pili akasema ni la mwenzao mmoja ofisini. Obita hakukasirika. Aliuliza tu kama Abubaker anajua ni nani. Zulaika akasema hajui, anajua ni mmoja wao.

"Kwa hiyo hata wewe," Obita alisema, na Zulaika alitamani angepigiwa kelele.

Walikubaliana faili lisiendelee kuwepo. Zulaika alikuwa karibu kulifuta kwa njia ya kawaida, Obita akamzuia, kwa maana wote wawili walijua kwamba faili likifutwa hivyo herufi hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Akaiandika amri yeye mwenyewe, sifuri juu ya kila herufi mwanzo hadi mwisho, wakangoja pamoja mpaka ikaisha.

Kisha Obita akampigia Odur, akiwa bado kwenye benchi.

"Bosi, wateja wataambiwa. Nitawaambia mimi."

Sauti ya Odur ilisikika ikipinga, ndefu, ikirudia habari za mishahara. Obita alimwacha amalize. Halafu akasema, "Majibu yaliyovuja, moja ni langu mimi. Nina homa ya ini." Odur akauliza kama ana nafuu, swali ambalo halikuwa na maana, kisha akasema waende, waanze na yeyote.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Kliniki moja ilimrudishia Odur kisanduku kwa boda, hakuna hata barua. Nyingine ilitaja mwanasheria. Moreen wa hesabu, ambaye majibu yake yalikuwa safi, alilia ofisini alipogundua kwamba na yake yalikuwa wazi vilevile, umri wake na yote, na baadaye akaanza kutafuta kazi mahali pengine. Amony alipopimwa alikutwa hana virusi, akaanza chanjo, na mtoto alikuwa amechanjwa tangu uchanga. Hata hivyo alikaa muda bila kuzungumza vizuri na mumewe. Kilichomuuma, alimwambia Zulaika siku alipopita nyumbani, si ugonjwa. Ni kwamba mtu wa ofisini aliujua kabla yake. Zulaika alikunywa chai aliyopewa, hakujitetea.

Kliniki ya mwisho ilikuwa Ggaba, karibu na soko la samaki, nayo ilikuwa ya muuguzi mstaafu aitwaye Maimunah. Zulaika na Obita walikwenda pamoja asubuhi. Kufikia hapo Obita alikuwa ameshasema maneno yale mara nyingi, na yalimtoka bila kukwama: kosa lilikuwa nini, ni la nani, lilidumu muda gani, limerekebishwa vipi, na kwamba hawana njia ya kujua kama kuna aliyesoma.

Maimunah alimsikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kiti. Alipoelewa, mkono ule uliubana mgongo wa kiti mpaka kucha zikabadilika rangi.

"Hapa wanakuja wanawake ambao waume zao hawajui kwamba wanakuja," alisema. "Mnanielewa?"

"Tunakuelewa, mama," alisema Obita.

"Ni nani kati yao ameonekana?"

"Hatuwezi kujua, mama."

"Hata mmoja?"

"Ninayemjua ni mmoja tu, na si wa hapa. Ni mimi."

Maimunah alimtazama upya, kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Zulaika alingoja awafukuze, kama wengine walivyofanya, au aseme yabaki kati yao watatu, kama mmoja alivyowaomba. Lakini Maimunah alizunguka meza, akafungua mlango unaoelekea kwenye baraza. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengine na mabeseni ya samaki yaliyofunikwa kwa magunia yaliyoloa, wengine na watoto migongoni.

"Basi nitawaambia wote," alisema. "Ila mimi siyajui hayo ya kumbukumbu na mikia. Utawaeleza wewe."

Zulaika alimwona Obita akitazama mlango wa nje, uliokuwa wazi na gari likionekana, kisha akavuka kizingiti akasimama mbele ya mabenchi. Maimunah akawaomba watu wanyamaze, akasema huyu ni mtu wa mashine zetu, ana neno.

Alisema kwa Kiswahili, na mwanamke mmoja mbele akawa anawatafsiria wenzake kwa Kiganda kwa sauti ya chini. Hakutumia maneno ya kazi. Alisema karatasi zenu zimepita kwenye dirisha lililokuwa wazi, na mimi ndiye niliyeliacha wazi. Nililifunga wiki hii. Zangu nazo zilipita hapo. Mfasiri alipofika kwenye maneno hayo ya mwisho alisita, akamwomba ayarudie, na Obita akayarudia.

Mtoto mmoja alianza kulia na mama yake akamtikisa bila kumtazama. Kisha kutoka benchi la nyuma akainuka mwanamke mwembamba aliyejitanda leso, beseni lake miguuni.

"Nilikuja hapa mwezi uliopita," alisema. "Mara mbili. Kuna mtu amesoma yangu?"

"Sijui, mama," alisema Obita. "Ningejua ningekwambia."

Mwanamke alibaki amesimama, macho yamemtoka, kana kwamba jibu bado liko njiani. Obita hakuondoka mbele yake. Zulaika akaingia barazani akasimama kando ya Obita, na mwanamke mwingine, wa benchi la dirishani, akainua mkono naye aulize.